Wali wa Kushiba Huonekana kwenye Sinia

Wazee wetu wametuachia neno hili: wali wa kushiba huonekana kwenye sinia. Maana yake ni kwamba jambo litakalofaa hujulikana tangu mwanzo, wala halihitaji kunadiwa. Mtu akitaka kulifahamu neno hilo vema, na aende Maniema ya kusini, katika wilaya za Kasongo na Kabambare, huko mashariki ya Kongo. Katika nchi hiyo wali si chakula tu. Wali ni heshima ya mgeni, ni furaha ya arusi, ni faraja ya matanga.

Lakini huko, kama katika nchi zetu zote, yuko mtu ambaye sinia likiletwa moyo wake hufadhaika. Huyo ni mgonjwa wa kisukari. Akila kama wenzake, aogopa maradhi. Asipokula, aogopa kumhuzunisha mwenyeji wake. Leo twataka kusafiri pamoja nanyi, wasomaji wapenzi, mpaka katika nchi hiyo ya mpunga, tutazame jinsi mtu huyo awezavyo kuketi penye sinia pamoja na ndugu zake, bila hofu na bila aibu.

Msafiri atokaye Kindu, mji mkuu wa jimbo la Maniema, hushuka kusini zaidi ya kilomita 200 kabla ya kuiona Kasongo. Njia ni ya udongo. Wakati wa masika malori hukwama matopeni, na wenye pikipiki ndio wapitao, wamefunga mizigo yao nyuma kwa kamba za mpira. Msitu mzito wa kaskazini wapungua pole pole, na nyasi ndefu zaanza kuonekana. Upande wa magharibi, si mbali na mji, wapita mto Lualaba, mto ule ule ambao baada ya Kisangani huitwa Kongo. Kando ya njia yako mashamba ya mpunga wa nchi kavu. Mpunga huo hautaki bonde lenye maji. Hupandwa mahali palipofyekwa, ukangojea mvua ya Mungu. Na jioni, katika vijiji, msafiri husikia mchi ukipiga kinu, akajua kwamba chakula ki karibu.

Mpunga huo si mmea wa asili wa nchi hiyo. Uliletwa na misafara ya watu wa pwani katika karne ya 19. Walitoka Bagamoyo, wakapita Tabora na Ujiji, wakavuka ziwa Tanganyika, wakapanda milima, wakafika Kabambare, ndipo wakaendelea mpaka Kasongo na Nyangwe. David Livingstone alifika Kabambare mwaka 1869, akakaa huko miezi mingi ya mwaka 1870 kwa sababu ya vidonda vya miguu. Kiasi cha mwaka 1875 Hamed bin Muhammed, ambaye watu wote walimwita Tippu Tip, alifanya Kasongo kuwa makao yake. Watu wa pwani walikuja na nguo, bunduki na lugha yao. Kiswahili cha Maniema, kiitwacho Kingwana, kimetokana na Waungwana hao. Walikuja pia na mbegu za mpunga, na desturi ya kupika pilau siku ya sikukuu.

Daktari mmoja Mwingereza, Sidney Langford Hinde, aliingia Kasongo mwaka 1893 pamoja na majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliyowashinda watu wa pwani. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1897 alieleza habari za bustani za mji huo: miwa, mahindi na miti ya matunda, tena shamba moja la mpunga kubwa hata alilipita kwa muda wa saa moja na nusu akiwa juu ya mnyama wake. Habari hiyo yapendeza masikio, lakini tusisahau ni nani aliyelima shamba hilo. Walilima watumwa, waume kwa wake, waliotekwa vijijini mwao. Na baada ya vita ile mzigo haukuondoka mabegani mwa watu, maana serikali ya Kibelgiji iliweka mazao ya lazima, na katika Maniema mazao hayo yalikuwa pamba na mpunga. Basi wali wa nchi hiyo una historia chungu. Hata hivyo wenyeji wameufanya kuwa wao wenyewe, na kile kilichowahi kuwa kazi ya kulazimishwa sasa ni karamu ya hiari.

Kutoka Kasongo kwenda mashariki mpaka Kabambare ni zaidi ya kilomita 100. Hiyo ni nchi ya Wabangubangu na jirani zao, nayo hunyweshwa na mto Luama uendao kuingia Lualaba. Ngome ya Kabambare ilitekwa mwezi wa Januari 1894, na njia ya misafara ikafungwa. Katika miaka yetu hii watu wa mbali huisikia wilaya hiyo kwa sababu ya dhahabu ya Namoya, na kwa sababu ya makundi yenye silaha ambayo mara nyingi yamewafukuza wakulima mashambani. Mkulima aliyekimbia hawezi kuchagua chakula. Hula muhogo akiupata, hula kidogo, au hulala njaa. Twasema haya ili mtu yeyote asidhani kwamba mashauri ya chakula ni rahisi kufuatwa mahali po pote. Kwa hiyo katika makala hii hatutataja kitu cha dukani ambacho mama wa kijiji hawezi kukipata. Tutatumia kuku wa uani, mpunga wa shamba, majani ya bustani, na viungo vichache vya sokoni.

Sasa tuseme juu ya maradhi yenyewe. Mchele ni wanga, na tumboni wanga hugeuka kuwa sukari iendayo katika damu. Mtu mzima asiye na ugonjwa ana maji maji ya mwilini yaitwayo insulini, ambayo huifungulia sukari hiyo mlango, ikaingia katika nyama na viungo vyote kuwapa watu nguvu. Kwa mgonjwa wa kisukari insulini haiko, au ni chache, au mwili hauitii. Sukari hubaki katika damu, na kwa miaka mingi huharibu macho, figo, mishipa na miguu. Dalili zake ni kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara, kukonda bila sababu, uchovu, na vidonda visivyopona. Ulimwenguni sasa wako watu wazima zaidi ya milioni 500 wenye maradhi haya, na katika Afrika walio wengi hawajajijua. Kabla ya mwaka 1922, ambapo insulini ilitumiwa kwa mara ya kwanza kumtibu kijana mmoja huko Toronto, mtoto aliyekosa insulini kabisa hakuwa na tumaini. Leo tumaini liko, ila lataka akili jikoni pia.

Hapo ndipo kosa la watu wengi huanzia. Tuseme mzee mmoja ametoka kijijini kwenda Kasongo kumtazama binti yake. Binti amechinja kuku, amepika pilau kwa ajili ya wote, kisha amweka baba yake pembeni na sahani nyingine.

“Karibu baba. Wewe wali umekatazwa, basi nimekusongea ugali wa muhogo.”

“Ahsante mwanangu,” mzee ajibu, akala ugali ule peke yake, bonge kubwa, na mchuzi kidogo.

Binti huyu ampenda baba yake, wala hakukusudia ila mema. Lakini afahamu kwamba muhogo nao ni wanga mtupu. Ugali hauna utamu ulimini, bali ndani ya damu hugeuka sukari kama wali. Bonge kubwa la ugali laweza kumdhuru mzee kuliko kiasi kidogo cha pilau iliyopikwa kwa busara. Tena amemtenga baba yake na sinia la nduguze, na upweke huo ni dhara la pili. Wagonjwa wengi waliotengwa hivyo huchoka, kisha siku moja hula kwa siri na kupita kiasi. Haifai kumwondoa mgonjwa penye sinia. Yafaa kulitengeneza sinia lenyewe, ili liwafae wote.

Tuanze na mchele. Mchele uliotwangwa kwa kinu, usiotwangwa mpaka ukawa mweupe pe, hubaki na sehemu ya ganda lake la ndani. Ganda hilo huchelewesha wanga kugeuka sukari, nalo lina vitamini. Jambo hili la ganda lilijulikana kwa njia ya kuku! Katika miaka ya 1890, huko Java, daktari Mholanzi jina lake Christiaan Eijkman aliona kuku zake wakilemaa miguu kwa kulishwa mchele mweupe uliopikwa. Walipopewa tena mchele wenye ganda wakapona. Kwa uchunguzi huo wataalamu wakaanza kufahamu vitamini, na Eijkman alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1929. Basi mama wa Kabambare atwangaye mpunga wake kwa mkono ana hazina asiyoijua. Asiutamani mno mchele mweupe wa gunia utokao mbali.

Sasa twende jikoni. Kwa watu sita chukua kuku mmoja wa kienyeji, vikombe viwili vya chai vya mchele wa kutwanga, na kikombe kimoja na nusu cha kunde au maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa. Chukua pia vitunguu vitatu, nyanya nne, biringanya mbili, tangawizi, vitunguu saumu, na vijiko vitatu vya mafuta ya karanga. Viungo vya pilau ni vile vile vilivyokuja na misafara: bizari nyembamba kijiko kimoja, pilipili manga, iliki nne, karafuu nne na kijiti cha mdalasini.

Osha mchele, uuloweke muda wa saa moja, maana mchele wenye ganda ni mgumu. Mwondoe kuku ngozi na mafuta yaliyogandamana chini yake, umkate vipande, umchemshe kwa tangawizi, vitunguu saumu na chumvi kidogo mpaka alainike. Kuku wa kienyeji hataki haraka. Enga mafuta yaeleayo juu ya supu. Kisha, katika sufuria nyingine, tia mafuta ukakaange vitunguu pole pole mpaka viwe na rangi ya udongo mwekundu. Hapo ndipo penye siri ya pilau: rangi na harufu vyatoka katika vitunguu na viungo, wala si katika wingi wa mafuta. Tia viungo vilivyopondwa, ukoroge kidogo, halafu nyanya, biringanya, vipande vya kuku na kunde. Vikishikana, mimina mchele uliochujwa maji, ugeuze mara mbili tatu, ndipo utie vikombe vitano vya ile supu moto. Ikichemka, funika, punguza moto, na supu ikikauka weka makaa juu ya kifuniko, kama mabibi zetu walivyofanya. Mchele wa kutwanga huiva polepole. Uonje, na kama bado ni mgumu ongeza supu kidogo.

Mtaona kwamba hatukutia viazi wala tui la nazi. Viazi ni wanga juu ya wanga, na tui ni mafuta mazito. Mahali pake tumeweka kunde, ambazo hushibisha na hazipandishi sukari kwa haraka. Chumvi nayo ni kidogo, kwa kuwa kisukari na shinikizo la damu hupenda kutembea pamoja.

Pilau imeiva, sasa sinia. Kazi iliyobaki ni kupakua, nayo ni kubwa kuliko kupika. Ligawe sinia kwa macho. Nusu nzima iwe mboga za majani: lengalenga, matembele, au sombe iliyotwangwa vema na kuchemshwa muda mrefu mpaka sumu yake iishe, isiyoogelea katika mawese. Pembeni weka kachumbari ya nyanya na vitunguu. Robo moja iwe kuku. Robo iliyobaki ndiyo pilau. Kwa mgonjwa, kikombe kimoja cha chai cha pilau iliyoiva chatosha kwa kawaida, wala asiongezewe ugali au mkate pembeni. Kiasi hicho si sheria kwa kila mtu. Mfanya kazi wa shamba na mzee akaaye barazani hawafanani, na mwuguzi wake atamwambia kilicho chake. Anywe maji. Soda na chai yenye vijiko vinne vya sukari huenda katika damu mbio kuliko wali wo wote.

Kuna jambo jingine dogo lisilo na gharama. Mgonjwa na aanze na mboga na kuku, wali aule mwisho. Waganga wa New York walitangaza mwaka 2015 uchunguzi walioufanya kwa watu wachache wenye kisukari. Wakaona kwamba chakula kile kile, wanga ukiliwa mwisho, sukari ya damu haikupanda sana kama wanga ulipotangulia. Na baada ya kula asilale mara. Atembee kidogo, akawasalimu jirani.

Katika sinia la namna hii mgonjwa hana chakula chake cha peke yake. Watoto wala hicho hicho, na mboga zawafaa. Baba ala hicho hicho, na kuku asiye na ngozi haumdhuru moyo wake. Wahenga walisema, shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Tusilewe kwa shibe, wala tusilegee kwa njaa.

Neno hilo la njaa si la mchezo. Wako wagonjwa waliotishwa mno juu ya wali hata wakaacha kula kabisa, na huku wanatumia insulini au vidonge vya kuteremsha sukari kama glibenklamidi. Hiyo ni hatari kubwa. Dawa huteremsha sukari, chakula hakikuja, mtu akaanza kutetemeka, kutoka jasho, kusema ovyo, hata kuzimia. Mtu huyo, kama bado aweza kumeza, apewe upesi maji yenye sukari au asali, kisha ale chakula. Mtu asishangae: yule aliyekatazwa sukari, saa hiyo sukari ndiyo dawa yake. Akiwa amezimia asimiminiwe kitu kinywani, bali apelekwe upesi kwa waganga. Kwa hiyo atumiaye dawa hizo asiruke mlo wake, na akitaka kufunga, ashauriane kwanza na mwuguzi au daktari. Kadhalika tusimwamini amwambiaye mgonjwa kwamba mdalasini au karafuu zitaondoa kisukari. Viungo hivyo ni vizuri, vyatia harufu na kutupunguzia haja ya chumvi na mafuta, lakini havichukui mahali pa dawa.

Kumpima mtu damu huhitaji tone moja tu kutoka kidoleni. Mwenye dalili tulizozitaja asingoje mpaka kidonda kimle mguu. Katika miaka ya 1970 jina la Kasongo lilijulikana na madaktari wa nchi nyingi kwa sababu ya mpango wa afya ulioanzishwa huko. Mpango huo ulijaribu kuwasogezea watu wa vijijini matibabu kwa njia ya vituo vidogo vyenye wauguzi waliofundishwa vema, badala ya kutegemea hospitali kubwa peke yake. Fundisho hilo lafaa hasa kwa kisukari, maana maradhi haya hayatibiwi siku moja. Yataka mtu wa karibu, apimaye leo na baada ya mwezi, amjuaye mgonjwa kwa jina lake, aijuaye hata sufuria yake.

Na nyumbani mtu huyo wa karibu ni mpishi. Binti yule wa Kasongo ana uwezo mkubwa kuliko anavyodhani. Mgeni wa Maniema ataendelea kupewa wali, kama walivyopewa waliomtangulia katika njia ile ndefu ya Ujiji na Kabambare; kumnyima ni kuvunja desturi, na desturi hiyo ni njema. Lakini heshima ya mgeni haipimwi kwa urefu wa chungu ya wali. Yapimwa kwa kumjua yeye ni nani na mwili wake wataka nini. Akina mama, mkimpakulia baba yenu au shangazi yenu mwenye kisukari, jazeni sinia majani mabichi ya bustani, mpeni paja la kuku, mpeni wali kwa kiasi chake, mkaribisheni kati ya watoto. Akinyosha mkono pamoja na wote, na kesho yake akaamka mzima, hapo ndipo wali ule ulikuwa wa kushiba kweli.